Uwanda Usio na Mfalme

Mwaka 1907 Joseph Conrad alichapisha The Secret Agent, riwaya iliyotokana na mlipuko wa bomu wa Greenwich, London, mwaka 1894. Humo, wafuasi wa uanarki, yaani wanaotaka jamii isiyo na serikali, ni watu wa njama na porojo. Miaka mitano kabla, Peter Kropotkin, Mrusi aliyekimbilia Uingereza, alitoa Mutual Aid, akisema kwamba kusaidiana ndiko kulikowawezesha binadamu kudumu. Ubishi ulikuwa mmoja: serikali ikiondoka, kinabaki nini?

Swali hilo lilikuwa na jibu lake kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, akapanda Newala. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1909. Wamakonde hawakuwa na mfalme. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, mzee wa ukoo uliotangulia kufyeka pori pale, na amri yake haikuvuka kwa jirani.

Hali hiyo ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni ya Masasi, palipoishi watu waliokombolewa utumwani, na baadaye wamisionari wakahamia Newala. Huko juu vichaka vilikuwa vizito na maji hakuna. Jeshi lenye kiu halikai. Ukavu ule ule uliomchosha mkazi ulimfukuza pia mvamizi.

Waingereza walipochukua Tanganyika, Gavana Donald Cameron alitaka kutawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa watawala wa jadi madaraka rasmi. Mfumo huo ulihitaji jina la chifu. Pasipokuwa na chifu, ilibidi atafutwe, na asipopatikana, ateuliwe. J. Gus Liebenow, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu Wamakonde na ukoloni mwaka 1971, anaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyowasumbua maofisa.

Lugha ya Kiingereza ilikuja kukubali polepole kwamba kukosa mfalme si kukosa utaratibu. Mwaka 1940 Evans-Pritchard aliandika hivyo kuhusu Wanuer wa Sudan, akiiita hali yao uanarki wenye mpangilio. Kwa mkulungwa wa Newala hiyo isingekuwa habari mpya.

Lakini tusiupake uwanda ule asali. Kukosa mfalme hakukumaanisha kukosa bwana: wazee walikuwa na sauti kuliko vijana, na watumwa walikuwepo. Na maji yalikuwa bondeni. Wanawake waliteremka miteremko mirefu, wakapanda tena na mtungi kichwani, siku baada ya siku. Uhuru wa uwanda dhidi ya majeshi ulisimama juu ya shingo zao.

Kropotkin angeelewa. Katika The Conquest of Bread, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka ule ule wa 1906, alisema mapinduzi yanayomwacha mwanamke na utumwa wa kazi za nyumbani si mapinduzi. Kwa hiyo kijana wa leo anayesoma kuhusu jamii zisizo na dola, iwe za London au za Newala, asiishie kuuliza nani alitawala. Aulize pia nani alikwenda kuchota maji.