Spitfire Iliyokosa Visiwa

Si kila chombo kinachoachwa pwani huwa kibovu. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza waliivua magurudumu ndege yao mashuhuri ya kivita, Spitfire, wakaivisha maboya mawili marefu mfano wa mitumbwi, ili iruke na kutua majini. Ndege hiyo ilifaulu majaribio, lakini haikupigana hata siku moja.

Nasaba yake ilikuwa ya baharini. R. J. Mitchell, aliyeibuni Spitfire, ndiye aliyebuni pia S.6B, ndege ya majini iliyotwaa kombe la Schneider mwaka 1931. Wazo la kuipa Spitfire maboya lilizuka mwaka 1940, wakati wa mapigano ya Norwe, likawekwa kando nchi hiyo ilipoanguka. Likafufuliwa baadaye, na tarehe 12 Oktoba 1942 rubani Jeffrey Quill akairusha ya kwanza. Maboya yaliipunguzia mwendo, ila iliruka vyema, na nyingine mbili zikageuzwa vivyo hivyo.

Mwaka 1943 haja ilionekana wazi. Italia, iliyovitawala visiwa vya Dodecanese katika bahari ya Aegean tangu 1912, ilisalimu amri mwezi Septemba, na Waingereza wakaingia katika baadhi yake. Ndege zao za kivita zilitegemea kiwanja cha Kos. Wajerumani wakakiteka kisiwa hicho mwanzoni mwa Oktoba. Askari waliokuwa Leros wakabaki bila ya kinga ya karibu angani. Ndege isiyohitaji kiwanja ingeweza kujificha baina ya visiwa na kuzivizia ndege za mizigo za adui. Kwa ajili hiyo Spitfire zote tatu zilipelekwa Misri, katika ziwa la Great Bitter. Lakini tarehe 16 Novemba, baada ya siku tano za mapigano, Leros nayo ikaanguka, na mpango ukafutwa.

Mwaka 1944 ilijaribiwa nyingine yenye kasi zaidi, iliyonuiwa kwa visiwa vya Pasifiki. Huko manowari za kubebea ndege na viwanja vipya vilikwisha kuifanya kazi hiyo, nayo haikuundwa kwa wingi.

Kwa hivyo haikuachwa kwa dosari ya umbo wala injini. Mafundi waliitimiza kazi yao. Ila ufundi hauwezi kukirudisha kisiwa kilichokwisha kutekwa.