Hitilafu Inayosomeka: Utatuzi wa Matatizo ya Intaneti ya Kupiga Simu katika Mfumo wa Linux, Miaka ya 1990

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu enzi ya intaneti ya kupiga simu huichukulia Linux kuwa mfumo uliowatesa watumiaji wake: mtu alilazimika kuhariri mafaili, kukariri amri na kupekua kumbukumbu za mfumo kabla ya kufungua ukurasa mmoja. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Hoja ya sehemu hii ni kwamba ugumu huo ulisomeka. Karibu kila hatua ya muunganisho ilitoa ishara ambayo hata mtu asiyeshiriki kuutengeneza mfumo aliweza kuifasiri, na uwezo huo ulianza kupotea pale modemu za programu zilipoenea mwishoni mwa muongo.

Chimbuko la usomekaji huo ni la kabla ya Linux yenyewe. Smartmodem ya kampuni ya Hayes, iliyotoka mwaka 1981, ilipokea amri zinazoanza na herufi AT kupitia waya uleule uliopitisha data, na kujibu kwa maneno: OK, CONNECT, NO CARRIER. Watengenezaji wengine waliiga lugha hiyo. Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa Linux aliyekwama aliweza kuihoji modemu ana kwa ana. AT isipoleta OK, kosa liko upande wa kompyuta, wala hapakuwa na haja ya kuilaumu kampuni ya simu. Mara nyingi tatizo lilikuwa mgongano: katika kompyuta za aina ya PC, mlango wa kwanza na wa tatu wa mawasiliano ilitumia kwa kawaida mkondo mmoja wa ukatizaji, namba 4, kiasi kwamba kipanya na modemu ya ndani viliweza kuzuiana. Programu ya setserial ilionyesha mpangilio huo na kuruhusu urekebishwe.

Tabaka lililofuata lilikuwa la itifaki. SLIP, iliyoelezwa katika RFC 1055 ya mwaka 1988, haikuwa na njia ya pande mbili kuambizana anwani wala ya kutambua data iliyoharibika, na waraka wenyewe unakiri upungufu huo. Hitilafu ya SLIP ilikuwa bubu. PPP, ambayo kiwango chake kiliwekwa katika RFC 1661 ya mwaka 1994, ilizilazimisha pande mbili kujadiliana kwanza: upande mmoja hupendekeza, wa pili hukubali, hukataa au hutoa pendekezo jingine. Programu ya pppd, ikipewa chaguo la debug, iliandika kila pendekezo na kila jibu katika kumbukumbu za mfumo.

Mfano mmoja unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika pendekezo lake la kwanza pppd hutia nambari iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Nambari hiyohiyo ikirudi katika pendekezo linaloonekana kutoka upande wa pili, programu hutambua kwamba inasikia mwangwi wake na kutangaza kuwa laini imejirudia. Anayesoma tangazo hilo kwa mara ya kwanza angeshuku waya. Kumbe sababu ya kawaida ilikuwa kwamba kompyuta ya mtoa huduma bado ilikuwa ikisubiri jina la mtumiaji, na ikirudisha kila herufi iliyopokea kama terminali zifanyavyo. Dawa ilikuwa katika hati ya chat, ile inayoeleza maneno ya kusubiri na majibu yake. Ndiyo maana hati nyingi za wakati huo husubiri “ogin:” badala ya neno zima: herufi ya kwanza ingeweza kuwa kubwa au ndogo, au kupotea njiani.

Makosa ya nywila ya PAP na CHAP yalionekana katika kumbukumbu zilezile. Muunganisho ukisimama bila kurasa kufunguka, amri ya ping ilitenganisha mambo: nambari ikijibu na jina lisijibu, kilichokosekana kilikuwa anwani ya seva ya majina katika faili la resolv.conf.

Modemu za programu zilivunja mnyororo huo kwenye kiungo cha kwanza. Ili kupunguza gharama, watengenezaji waliondoa saketi za kuchakata mawimbi na kuiachia kazi hiyo prosesa ya kompyuta, kupitia programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux kadi kama hiyo haikujibu AT kabisa. Ukimya wake haukutofautiana na ule wa kadi iliyokufa, na setserial haikuwa na la kurekebisha. Baadhi ya watengenezaji walitoa baadaye viendeshi vya Linux vilivyokwisha kukusanywa, bila msimbo wake wote, na vilivyofungamana na matoleo mahususi ya kerneli. Mtumiaji aliyebadilisha kerneli aliweza kupoteza simu yake ya intaneti siku hiyohiyo, na kumbukumbu za pppd, zilizokuwa zimemfundisha mengi, zisimwonyeshe chochote zaidi ya hati ya chat iliyosubiri OK mpaka muda wake ukaisha.