Picha Isiyokwama: Historia Fupi ya Video na Laptopu Katwe

Katwe inajulikana kote Uganda kwa mafundi wake. Anayetafuta lango la chuma, mashine ya kusaga au spea iliyoadimika mjini huambiwa aende Katwe. Insha hii inaangalia historia nyingine ya mtaa huu niliokulia, nayo ni historia ya picha za video. Hoja yangu ni kwamba video ya ubora wa juu, yaani HD, haikutufikia siku televisheni pana zilipoletwa. Ilitufikia pale laptopu za mitumba zilipokuja na saketi maalumu ya kusimbua picha.

Katika miaka ya 1980 na 1990 vibanda vya video vilienea katika vitongoji vya Kampala. Watazamaji walikaa kwenye mabenchi, filamu ilitoka kwenye kanda ya VHS, na mtafsiri, tunayemwita VJ, alisimulia kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. VJ Jingo ni miongoni mwa waliovuma zaidi. Kwa upande wa mashine kazi ilikuwa nyepesi: deki ilisoma kanda na kupeleka picha kwenye TV bila hesabu yoyote.

VCD, iliyotoka mwaka 1993, ilibadilisha hali hiyo kwa sababu picha yake ilikuwa imebanwa. Picha iliyobanwa sharti ifunguliwe, na kuifungua ni kukokotoa. Fremu ya VCD ilikuwa na pikseli 352 kwa 288. DVD ikaleta 720 kwa 576, na HD kamili ikaleta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya pikseli milioni 2. Kwa fremu 25 kila sekunde, mashine hushughulikia pikseli karibu milioni 52 kwa sekunde moja. Tena mfumo wa H.264, uliokamilishwa mwaka 2003, hubana picha zaidi ya mfumo wa DVD, hivyo kuifungua ni kazi nzito zaidi.

Laptopu nyingi za mwaka 2006 zilimtwika kichakataji mzigo huo wote. Feni ilinguruma, betri ikaisha, na picha ikakwama. Mwaka 2008 Intel ilitoa chipu ya grafiki iliyoweza kusimbua H.264 yenyewe, na kuanzia mwaka 2011 saketi hiyo iliwekwa ndani ya vichakataji vya Core vya kizazi cha pili. Laptopu hizo zilipochakaa katika ofisi za nchi tajiri, nyingine zilifika kwetu. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, lakini laptopu za mitumba zinauzwa Kampala hadi leo.

Tatizo ni kwamba mitumba huja na umri wake. Mwaka 2013 ulitoka mfumo wa HEVC, ambao hupunguza ukubwa wa faili kwa karibu nusu bila kuharibu picha. Kwa mji ambao bando la intaneti ni ghali na filamu huuzwa kwa kupakiwa kwenye flashi, faili ndogo ni neema. Lakini kadiri faili inavyobanwa, ndivyo mashine inavyofanya kazi zaidi kuifungua. Laptopu ya mwaka 2012 haina saketi ya HEVC. Kwa hiyo faili inayomfaa maskini kwa bei ndiyo inayoshinda mashine ya maskini.

Binamu yangu ana kibanda cha kupakia filamu hapa Katwe. Aliuziwa laptopu ya aina hiyo yenye RAM ya GB 8, akahakikishiwa kwamba haitakwama. Filamu za H.264 zilicheza vizuri, lakini za HEVC zilikwama, sauti ikitangulia midomo. Muuzaji alimshauri aongeze RAM hadi GB 16. Aliongeza, kwa fedha alizoweka za kodi ya kibanda, na hakuna kilichobadilika. Fundi wa jirani ndiye aliyemweleza: "Ssebo, shida si RAM. Chipu hii haiujui mfumo huo."

Fundi alikuwa sahihi. Kucheza video hakuhitaji RAM nyingi. GB 4 hadi 8 zinatosha. Hata diski ya SSD haiondoi kukwama, kwa kuwa diski ya Blu-ray yenyewe haipitishi MB 7 kwa sekunde, kasi ambayo diski ya zamani huimudu kwa urahisi. Kinachoamua ni saketi ya kusimbua. Kwa Intel, kizazi cha 7 cha Core husimbua HEVC, pamoja na ile ya biti 10, na kizazi cha 11, cha mwaka 2020, husimbua pia AV1, mfumo uliotolewa mwaka 2018.

Kwa kuhitimisha, historia hii ina faida kwa mnunuzi wa leo. Laptopu ya mtumba ihukumiwe kwa kizazi cha kichakataji chake na mifumo inayosimbuliwa na chipu yake, na ijaribiwe kwa faili ya HEVC kabla fedha hazijatoka mfukoni. Ukubwa wa RAM uulizwe baadaye.