Reli Iliyogeuka Njia ya Miguu

Msomaji, chukua ramani ya Marekani utazame upande wa mashariki, mahali mto Potomac unapopita kando ya Washington, mji mkuu wa nchi ile. Ng'ambo ya mto huo ni jimbo la Virginia. Huko iko njia ya lami ambayo motakaa haziruhusiwi kuipita. Yaanza Shirlington, si mbali na mji wa Alexandria, yaelekea magharibi kwa maili 45, ndiyo kusema kilomita 72 hivi, mpaka mji mdogo wa Purcellville. Watu huipita kwa miguu na kwa baiskeli, akina mama husukuma vigari vya watoto wao, na kwa sehemu kubwa ya safari iko njia ya pili ya kokoto kando yake kwa ajili ya wapanda farasi. Mgeni aweza kudhani kuwa hiyo ni bustani tu, ila ni bustani ndefu. Nawe ukiandamana nami kwa macho ya mtu apendaye historia, utatambua kwamba twakanyaga juu ya reli iliyokufa.

Kwanza yaangalie miinuko na miteremko yake. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa wepesi sana, lakini halishiki. Mlima ukiwa mkali huteleza. Kwa sababu hiyo wajenzi wa reli hukata kilima na kujaza bonde tuta, wakaridhika kuzunguka mbali ili tu gari lipande polepole. Kwetu jambo hili lajulikana sana. Reli ya Uganda ilipoufikia ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kikuyu, ilibidi mabehewa yateremshwe kwa kamba za chuma hata njia ya kudumu ilipokamilika katika mwaka wa 1901. Virginia haikuwa na genge kubwa namna ile, ila kanuni ilikuwa ile ile. Basi mwinuko uliochongwa kwa ajili ya mashine leo wamfaa mzee mwenye fimbo, na mtu asiyeweza kutembea hupita juu ya kiti chake cha magurudumu pasipo taabu kubwa.

Walioianzisha reli hii hawakuwa na haja na wazee wala viti. Walikuwa wafanya biashara wa Alexandria, na neno lililowakosesha usingizi ni kwamba mji wa Baltimore ulikuwa umewatangulia kujenga reli ya kwenda magharibi, ukawanyang'anya biashara. Wakaunda kampuni iliyoitwa Alexandria, Loudoun na Hampshire. Jina hilo lilikuwa ahadi: kuvuka milima ya Blue Ridge na kuyafikia makaa ya mawe ya wilaya ya Hampshire. Katika mwaka wa 1859 reli ilifika Vienna, na mwaka uliofuata ikafika Leesburg. Makaa ya Hampshire haikuyafikia kamwe. Milima ile haikuivuka hata siku moja ya maisha yake.

Kilichoizuia kwanza ni vita. Kumbuka kwamba Virginia ya siku hizo ilikuwa nchi ya utumwa, na katika mwaka wa 1861 ilijiunga na majimbo ya Kusini yaliyojitenga na serikali ya Washington. Reli yetu ikajikuta kati ya majeshi mawili, mwisho wake mmoja huku na wa pili kule. Tukifika Vienna, tusimame kidogo.

Tarehe 17 Juni, 1861, jioni, gari la moshi lilikuja hapa kutoka Alexandria likiwa limepakia askari wa serikali waliotoka jimbo la Ohio, chini ya Jemadari Robert Schenck. Kichwa cha gari hakikutangulia. Kilikuwa nyuma, kikiyasukuma mabehewa yaliyo wazi, na juu yake askari wameketi kama mizigo ya sokoni. Kanali Maxcy Gregg wa South Carolina alikuwa amekwisha kupanga mizinga yake mbele ya njia. Gari lilipotokeza kwenye mzingo, mizinga ikalia. Askari waliruka wakakimbilia miti. Watu wanane wa Ohio walikufa au kupata majeraha ya kufa nayo. Dereva naye alikikata kichwa cha gari kutoka katika mabehewa yaliyopigwa, akarudi mbio Alexandria, akiwaacha askari warudi kwa miguu gizani. Mabehewa yaliyobaki yaliteketezwa. Vita hivyo vilikuwa na umri wa miezi miwili tu, na hata leo pambano la Vienna hutajwa miongoni mwa mapambano ya kwanza duniani ambayo askari waliletwa na gari la moshi mpaka mdomoni mwa adui. Mpanda baiskeli wa leo hupapita mahali hapo kwa dakika moja.

Baada ya vita reli ilitengenezwa upya, ikafika Purcellville katika mwaka wa 1874, na hatimaye Bluemont, chini ya milima, katika mwaka wa 1900. Mwaka huo huo Virginia ilitunga sheria ya kuwatenga abiria weusi na weupe katika magari ya moshi. Wapo waandishi wanaozisimulia siku hizo kwa utamu, wakitaja maziwa ya Loudoun yaliyopelekwa Washington na matajiri waliokimbilia milimani wakati wa joto. Yote hayo ni kweli. Lakini hadithi isiyotaja nani alikaa katika behewa gani ni nusu ya hadithi.

Kampuni mpya ilishika usukani mwanzoni mwa karne ya 20, ikaiita reli hiyo Washington na Old Dominion, na tangu mwaka wa 1912 abiria walisafiri kwa magari ya umeme. Hayo nayo hayakudumu. Motakaa ziliwachukua abiria, malori yakachukua mizigo. Mwaka wa 1951 magari ya abiria yalikoma. Mwishoni reli ilibeba vifaa vya kujengea kiwanja cha ndege cha Dulles, kama mtu anayetumwa kukata kuni za moto utakaomchoma mwenyewe, na katika mwezi wa Agosti 1968 ilifungwa kabisa. Vyuma viking'olewa na mataruma yakiuzwa.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote. Vyuma vikiuzwa, vingine hununuliwa. Ardhi ya reli haipatikani hivyo, maana ukanda mwembamba wa urefu wa maili 45, usiokatwa na shamba la mtu wala ukuta wa nyumba, ukigawanywa vipande vipande, ni nani atakayewakusanya wenyewe mia na elfu auunganishe tena? Ukanda huu uliokoka kwa bahati. Idara ya barabara ilichukua sehemu yake kwa ajili ya barabara kuu. Sehemu iliyobaki ilinunuliwa na kampuni ya umeme iliyotaka mahali pa kupitishia nyaya zake. Kampuni hiyo haikuwa na nia ya kuwafurahisha watembeaji, lakini iliiacha ardhi ikiwa kitu kimoja. Mwaka wa 1974 kipande kifupi cha lami kilifunguliwa katika mji wa Falls Church ili kujaribu. Watu wakakipenda. Halmashauri ya bustani ikanunua ukanda wote kidogo kidogo, na mwaka wa 1988 lami ikafika Purcellville. Kati ya miaka hiyo, katika 1983, bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba reli inayofungwa popote nchini yaweza kuwekwa akiba kama njia ya watu, nayo reli irudishwe ikihitajiwa.

Labda utasema kwamba haya ni mambo ya taifa lililoshiba. Mimi sidhani hivyo. Wako wengi wanaoipita njia hii kwenda kazini, na ardhi iliyohifadhiwa haimwombi mtu chakula.

Sasa tumevuka kijito cha Goose Creek, tumepita Leesburg, tumepanda mpaka Clarks Gap, na mbele yetu ni stesheni ya Purcellville, iliyojengwa mwaka wa 1904 na ingaliko. Utaniuliza: je, reli haikufika Bluemont? Ilifika. Lakini kipande hicho cha mwisho kilifungwa mapema, mwaka wa 1939, zama ambazo hakuna aliyefikiri kuitunza ardhi ya reli. Kilirudi mikononi mwa wenye mashamba, nyua zikajengwa, nyasi zikaota juu ya matuta. Lami yakoma hapa penye stesheni, na mtu atakaye kwenda Bluemont hana budi kufuata barabara ya motakaa.