Zidane ni ISFP au ISTP? Kadi nyekundu ya 2006 inasema mengi

Mashabiki wakimjadili Zinedine Zidane, wengi humuita mtu baridi: mkimya, sura haibadiliki, presha hana. Ukimya ni kweli. Hilo la ubaridi ndilo lenye utata.

Kipimo cha haiba cha Myers-Briggs hugawa watu katika aina 16 kwa herufi nne. Kilibuniwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, kutokana na mawazo ya Carl Jung wa Uswisi. Wanasaikolojia wengi hawakiamini sana, maana mtu akirudia maswali baada ya wiki chache anaweza kupata herufi nyingine. Kumkisia mtu kwa kumtazama uwanjani ni kubahatisha zaidi, ila kunanoga.

Herufi ya kwanza haina ubishi: I, ya mtu anayejitosheleza kimyakimya. Ya pili ni S, ya anayeamini macho na mwili kuliko nadharia. Kumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa 2002 pale Glasgow: mpira wa Roberto Carlos ulishuka kutoka juu, jamaa akaupiga hukohuko hewani kwa mguu wa kushoto, ambao si mguu wake mkuu. Real Madrid 2, Bayer Leverkusen 1. Ya mwisho ni P, ya asiyefungwa na mpango.

Kazi iko kwenye herufi ya tatu. T huamua kwa hesabu, F huamua kwa kile anachokithamini moyoni.

Sasa twende Berlin, 9 Julai 2006. Fainali ya Kombe la Dunia, mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka. Ufaransa na Italia ziko 1-1, dakika za nyongeza zinayoyoma, penalti zinanukia. Mtu wa hesabu angemwacha Marco Materazzi aongee mpaka achoke. Zidane alikuwa ameshampita, akageuka, akamtwanga kichwa cha kifua. Dakika ya 110, kadi nyekundu. Italia ikabeba kombe kwa penalti 5-3, yeye akiwa hayupo uwanjani.

Siku chache baadaye, kwenye televisheni, aliwaomba radhi watoto waliotazama. Lakini alisema hajutii, kwa sababu kujuta kungekuwa kukubali kwamba Materazzi alikuwa na haki ya kuitukana familia yake. Hiyo ni F, tena ya herufi kubwa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Kombe la Dunia 1998 alitolewa kwa kumkanyaga mchezaji wa Saudi Arabia, kisha akarudi na kufunga mabao mawili ya kichwa dhidi ya Brazil kwenye fainali. Mwaka 2000, akiwa Juventus, alimpiga kichwa mchezaji wa Hamburg. Ukimya wake haukuwa uvumilivu.

Kwa hiyo ISFP. Wanaoshikilia ISTP hutaja ukocha: Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kisha akajiuzulu siku tano baada ya fainali akisema timu inahitaji mabadiliko. Hesabu safi kweli. Ila hapo bado hawajaeleza Machi 2019, alipokubali kurudi Madrid timu ikiwa taabani na Cristiano Ronaldo ameshaondoka.