Mipaka ya Hojaji katika Historia ya Kilimo cha Pamba Usukumani

Hojaji hurekodi sababu ambazo watu huzitamka wanapoupokea au kuukataa ufundi mpya. Haipimi masharti yaliyouzunguka uamuzi wao. Historia ya pamba Usukumani inathibitisha jambo hili. Chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, sheria ndogo ziliwashurutisha wakulima kufuata kanuni za kuhifadhi udongo, zikiwemo za kulima kwa matuta. Kuhesabu matuta wakati huo kulikuwa kuhesabu utii, wala si kukubalika kwa ufundi.

Katika miaka ya 1960, Michael Collinson, akiwa katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, alichunguza jinsi kaya zilivyogawa kazi za shamba kwa msimu. Ilidhihirika kwamba ushauri wa kupanda pamba mapema uligongana na kazi za mazao ya chakula, ambayo kaya ziliyatanguliza. Jibu la mkulima kwamba hana nafasi lingeweza kusomwa kuwa uvivu. Kalenda ya kazi ndiyo iliyolipa maana.

Tafiti za lugha za programu zinakabiliwa na mpaka huohuo. Meyerovich na Rabkin, mwaka 2013, hawakutegemea majibu ya wanaprogramu pekee, bali waliyaweka sambamba na kumbukumbu za miradi. Hojaji, basi, ni shahidi mmoja. Mwanahistoria asiyemlinganisha na sheria, bei na msimu huishia kuandika visingizio vya watu badala ya sababu zao.