Mtihani wa Ngozi

Nimesimamia mitihani muda mrefu wa maisha yangu, nami najua kuwa swali baya humwangusha mwanafunzi mwema. Katika udaktari nako yametokea hayo.

Kuanzia miaka ya 1930, madaktari wa Marekani walipotaka kumtambua mtu ambaye mwili wake haustahimili sumu ya nyuki, walisaga mdudu mzima, wakamchoma mtu ngozini kwa maji yake, wakangoja uvimbe. Kipimo hicho hakikuwatenga vizuri wenye hatari na wasio nayo. Dawa nayo ilitoka katika maji hayo hayo. Miaka ya 1950 Dkt. Mary Loveless wa New York alishauri itumike sumu yenyewe; wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1978 madaktari wa Johns Hopkins walitoa matokeo ya jaribio lao. Wagonjwa walipoumwa tena na wadudu, kati ya 18 waliotibiwa kwa sumu alidhurika 1 tu. Kati ya 11 waliopewa mdudu aliyesagwa walidhurika 7. Na kati ya 12 waliopewa dawa ya bandia, 7 pia.

Sumu safi ilisahihisha mtihani, lakini haikuumaliza. Wengi ngozi zao huvimba, na wakiumwa hawapatwi na kitu. Wengine hupimwa mapema mno baada ya kuumwa, ngozi ikanyamaza. Hao hurudiwa baada ya wiki kadhaa.

Basi, ndugu msomaji, uliyewahi kuzimia kwa nyuki, ukiambiwa mara moja kuwa ngozi yako haina neno, usikimbilie mzinga. Omba upimwe tena.